Chokaa Katika Shamba la Chai: Ya Nini, na Nani Anaimwaga?



Tulipotembelea shamba moja la chai tuliwakuta wenzetu wakimwaga unga mweupe kati ya mistari ya michai, mikono mitupu, macho mekundu. Tukauliza, "Hiyo ni nini?" Wakajibu, "Dawa." Dawa ya nini? Hakuna aliyejua, hata nyapara. Mtu asiyejua anachokishika hawezi kujikinga. Kwa hiyo tunaeleza.

Unga ule ni chokaa. Mchai hupenda udongo wenye uchachu. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH: 7 ni katikati, na namba ikishuka uchachu umezidi. Mchai hustawi vizuri kati ya 4.5 na 5.5. Lakini mbolea ya chumvichumvi, hasa salfeti ya amonia, ikitiwa mwaka baada ya mwaka, huzidisha uchachu kupita kiasi. Hapo madini yaliyoshikamana na udongo, kama risasi na aluminiamu, huyeyuka katika maji, na mizizi huyanywa.

Risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Tena kuna floridi. Watu wa Arusha na Nakuru wanaijua kwa meno ya kahawia. Mchai hukusanya floridi kuliko mimea mingi, na majani yaliyokomaa huwa nayo nyingi kuliko machanga. Huko Tibet, wanywaji wa chai ya matofali, ambayo hutengenezwa kwa majani makubwa, wameharibika meno na mifupa. 

Wataalamu wa China walijaribu kutia chokaa katika mashamba yenye uchachu mwingi, wakaona risasi na floridi zimepungua katika majani. Tangu 2005 sheria ya China hairuhusu chai yenye risasi zaidi ya miligramu 5 kwa kilo. Chai ikikataliwa sokoni, wa kwanza kusimamishwa kazi ni kibarua. Basi jambo hili ni letu pia.

Chokaa hupunguza uchachu, na risasi hushikamana tena na udongo. Mboji husaidia kuishika. Mkaa uliosagwa nao husaidia kuzuia floridi. Lakini yako mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, chokaa ikizidi, mchai hudhoofika. Udongo upimwe kabla, si kukisia.

Pili, mboji iliyotengenezwa kwa takataka za mjini zenye betri huweza kuleta risasi badala ya kuipunguza.

Tatu, chokaa haiondoi vumbi lililotua juu ya jani. Petroli yenye risasi ilikomeshwa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia 2006, lakini risasi yake haiozi. Imebaki katika udongo wa kando ya barabara.

Sasa tuseme habari ya mikono yetu. Chokaa ambayo haijazimwa kwa maji huunguza ngozi na huweza kupofusha macho. Unga wa mawe ya chokaa hauunguzi hivyo, lakini vumbi lake huwasha macho na kifua. Anayemwaga apewe glovu, miwani, mabuti na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Asimwage kwenye upepo mkali. Ikiingia jichoni, aoshe mara moja kwa maji mengi safi, kisha aende zahanati. Wala chokaa isichanganywe na salfeti ya amonia: hutoka hewa kali inayochoma macho, na mbolea hupotea bure.

Katika mkutano wa tawi, wajumbe wamwulize mwajiri maswali manne: Udongo umepimwa lini? pH ni ngapi? Chokaa hii ni ya aina gani? Vifaa vya kujikinga viko wapi? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Mpaka vifaa vitolewe, mjumbe aombe kazi hiyo isimame, na aombe kwa niaba ya wote. Mmoja akikataa peke yake ataitwa mkaidi. Tawi zima likikataa, mwajiri atatafuta glovu.