Kwa Nini Mvuvi wa Dagaa Hupumzika Wakati wa Mbalamwezi?

Leo tutasoma habari za dagaa wa Ziwa Tanganyika. Bila shaka dagaa mkavu wa sokoni mnamjua. Je, mnajua maisha yake akiwa majini?

Dagaa wa ziwa hili ni wa aina mbili. Wote ni wembamba, wenye kung'aa kama fedha, nao ni ndugu wa dagaa wa baharini. Huenda kwa makundi makubwa, wakila vidudu vidogo sana vieleavyo majini. Wao nao huliwa na migebuka.

Kina cha ziwa hufika mita 1,470 hivi, lakini samaki hawawezi kukaa chini kabisa, kwa kuwa maji ya huko hayana hewa ya kuvuta. Mchana dagaa hushuka penye giza, adui asiwaone. Jua likichwa, vile vidudu hupanda juu, na dagaa huvifuata.

Mvuvi huitumia tabia hiyo. Zamani aliwasha moto wa kuni mtumbwini. Baadaye ikaja karabai. Siku hizi wengi wana taa za umeme wa jua. Usiku wa giza dagaa huujia mwanga wa taa, na mvuvi huuinua wavu kutoka chini yao. Lakini wakati wa mbalamwezi mwanga umeenea ziwa zima, taa haina nguvu ya kuwakusanya. Basi mvuvi hubaki nyumbani akishona nyavu zake.

Sasa angalieni jambo kubwa. Watoto wengi wa dagaa hukulia karibu na ufuko. Mtu akikokota kokoro lenye matundu madogo mahali hapo, huwazoa kabla hawajazaa. Dagaa hukua upesi, na aina moja huishi kama mwaka mmoja tu. Kwa hiyo miezi michache ya kuwaacha ina faida kubwa.

Ndiyo sababu mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo ni mizito kwa mwenye watoto wa kulisha. Lakini akiba ya mvuvi imo majini; akiila yote leo, kesho atavua nini?

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini dagaa hushuka mchana?
2. Kokoro la ufukoni huleta hasara gani?
3. Mvuvi afanye kazi gani ziwa likifungwa?