Aliye na Ufunguo wa Maabara Amegoma

Kila mgomo unapozuka katika vyuo vikuu vya umma nchini Kenya, kamera huwafuata wahadhiri. Ndio wanaojulikana, ndio waliozoea vinasa sauti, na chama chao cha UASU hakikosi nafasi katika kurasa za mbele. Lakini katika mgomo huo huo huwa kuna umati ambao magazeti huutaja kwa jina moja la jumla: wafanyakazi wasio wahadhiri. Hao ni makarani wa masjala, wakutubi, mafundi wa maabara, wahasibu, madereva na wauguzi wa zahanati ya chuo, ambao chama chao ni KUSU. Wapo pia wapishi, wasafishaji na wahudumu wa mabweni, wengi wao wakiwa wanachama wa chama cha KUDHEIHA. Nasema bila kusita kwamba mhadhiri akigoma, mwanafunzi hukosa somo. Watu hawa wakigoma, hukosa chuo kizima.

Tuanze na maabara, maana hasara ya huko haionwi na mpita njia. Kipindi cha kemia cha saa tatu huanza siku moja au mbili kabla wanafunzi hawajavaa makoti meupe. Fundi wa maabara ndiye anayepima kemikali, anayetengeneza myeyusho kwa kiwango kilichoagizwa, anayehakikisha kwamba mizani inasema kweli na gesi haivuji. Ufunguo wa stoo uko mikononi mwake kwa saini. Mhadhiri anaweza kufika akiwa na nia njema kabisa ya kufundisha, lakini mlango ule hatoufungua, na hata ukifunguliwa si yeye anayejua ni chupa ipi imeshapoteza nguvu.

Katika idara za baiolojia mambo huwa mazito zaidi. Bakteria wanaokuzwa kwa ajili ya utafiti wasipohamishiwa chakula kipya kwa wakati, hufa. Panya wa majaribio wanakula kila siku, mgomo uwepo usiwepo. Mwanafunzi wa uzamili aliyepanda mahindi katika shamba la chuo alikuwa amepanga siku za kupima mimea, na kibarua wa kumwagilia na fundi wa kukausha sampuli walikuwa sehemu ya mpango huo. Kipimo kilichokosekana wiki ya sita hakiwezi kutafutwa wiki ya kumi na tatu. Atasubiri mvua za msimu mwingine, na huo unaweza kumgharimu karo nyingine. Mgomo ukiisha, serikali na vyama huhesabu siku zilizopotea. Msimu wa mwanafunzi huyu haumo katika hesabu hiyo.

Jikoni nako kuna madhara yake. Katika vyuo vingi mkahawa wa chuo ndio wenye chakula cha bei nafuu kuliko vyote. Wapishi wakiweka miiko chini, wanafunzi humiminika kwenye vibanda vya nje ya lango, kule Njoro, Maseno, Juja au Kesses, na sahani hiyo hiyo ya wali na maharagwe huwagharimu zaidi. Pesa za matumizi za bodi ya mikopo, HELB, hupangwa kwa muhula. Muhula ukirefushwa, zenyewe hazirefuki. Wapo wanaopunguza milo hadi mmoja kwa siku. Wapo wanaochomeka koili ya umeme chumbani ingawa kanuni za mabweni zinakataza, nyaya kuukuu za jengo zikibebeshwa mzigo zisioweza kuustahimili. Aliyepanga chumba nje ya chuo anadaiwa kodi kila mwezi, awe anasoma au hasomi. Anayeamua kurudi nyumbani Lodwar au Mandera anajua kwamba nauli ya kurudi chuoni itatafutwa na mzazi yule yule aliyekwisha kuuza mbuzi kulipa ile ya kwanza.

Jambo linaloniuma zaidi, na ambalo sijaliona likiandikwa vya kutosha, ni hali ya wanafunzi wenye ulemavu. Mwanafunzi asiyeona husoma kwa sababu kuna mfanyakazi anayegeuza maandishi kuwa breli na kumchapishia mtihani wake. Mwanafunzi kiziwi hufuata mhadhara kwa mikono ya mkalimani wa lugha ya ishara. Wafanyakazi hao wanapogoma, wanafunzi wanaoona na kusikia bado wana simu, vitabu na makundi ya kujisomea. Mwenye ulemavu hubaki bila njia. Na kazi zinaporejea kwa pupa, maandishi yake huwa ya mwisho kwenye foleni.

Kisha kuna masjala. Aliyemaliza masomo anahitaji nakala ya matokeo ili aombe kazi; mwalimu mpya hawezi kusajiliwa na tume ya walimu, TSC, bila vyeti. Anayekwenda kwenye mafunzo ya kazini anahitaji barua yenye mhuri. Ambaye alama zake za somo moja hazionekani, tatizo ambalo kila mwanafunzi wa Kenya analijua, anahitaji karani wa kufukua karatasi ya mwaka juzi. Dirisha la karani likifungwa, nafasi ya kazi yenye tarehe ya mwisho inampita kijana akiwa amesimama nje.

Nisieleweke kwamba nawalaumu waliogoma. Historia iko upande wao. Mgomo ulioanza Januari 19, 2017 ulidumu siku 54 na kumalizwa kwa ahadi ya Sh10 bilioni za kutekeleza mkataba wa pamoja wa 2013 hadi 2017. Kabla mwaka huo haujaisha, wafanyakazi walikuwa wamerudi barabarani kudai fedha hizo hizo. Septemba 17, 2025, UASU na KUSU waligoma tena, wakati wanafunzi wa mwaka wa kwanza wametoka tu kupokewa. Katika madai yao kulikuwa na Sh7.9 bilioni za mkataba wa 2017 hadi 2021. Aliyetoka kidato cha nne mwaka 2024 na kuingia chuo mwaka huo wa 2025 alikuwa shule ya msingi mkataba huo ulipoanza kuhesabiwa. Mgomo ulikoma Novemba 5, baada ya siku 49, kwa makubaliano kwamba deni lilipwe kwa awamu mbili, ya pili ikisogezwa hadi Julai 2026.

Mfanyakazi wa ngazi ya chini huumizwa na ucheleweshaji huu kuliko profesa. Profesa anaweza kupata kazi ya ushauri au kufundisha chuo kingine jioni. Msafishaji hana jioni ya kuuza. Katika vyuo kadhaa, hati ya mshahara huonyesha makato ya sacco, ya mkopo wa benki na ya pensheni, lakini fedha hizo hazifiki zinakopaswa kufika, na mfanyakazi hugeuka mdaiwa sugu wa mkopo ambao amekuwa akikatwa kila mwezi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia awahurumie wanafunzi, unamtaka abebe deni la serikali kwa mgongo wake.

Katiba ya 2010 inampa mfanyakazi haki ya kugoma katika kifungu cha 41, na inampa mwanafunzi haki ya elimu katika kifungu cha 43. Haki hizi mbili hazigombani. Anayezigombanisha ni mwajiri anayetia saini mkataba asiokusudia kuulipa.

Hata hivyo kuna la kufanya, na haligharimu mabilioni. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka ilani ya siku saba kabla ya mgomo. Mara nyingi siku hizo hupotea katika vitisho na mbio za mahakamani. Zingetosha kabisa kutoa nakala za matokeo kwa wenye tarehe za mwisho, kupeleka breli kwa wanaoihitaji, na kukubaliana na chama cha wafanyakazi kuhusu watu wachache wa kubaki kulisha wanyama wa maabara, kutunza vielelezo vya utafiti na kuhudumu katika zahanati. Chama kinachojali hakitakataa, kwa sababu watoto wa makarani na wapishi nao wanasoma katika vyuo hivyo hivyo.

Na mkataba wa kurejea kazini uwe na ukurasa wa mwanafunzi. Kwa kawaida mikataba hiyo hueleza malipo na kwamba hakuna mfanyakazi atakayeadhibiwa kwa kugoma. Haki hiyo wanastahili. Lakini nani anaandika kwamba mitihani haitaanza kabla vipindi vya maabara havijafidiwa? Nani anaandika kwamba mtafiti aliyepoteza msimu hatatozwa karo ya muhula wa ziada?

Viongozi wa wanafunzi, msisubiri kualikwa. Mkataba mwingine utakapotiwa saini, dai lenu la kwanza liwe kiti kwenye meza hiyo, na ukurasa wenu uwe umeshaandikwa.