Ufuatiliaji wa programu katika kompyuta pachikwa

Ufuatiliaji wa programu ni njia ya kurekodi matukio yanayotokea ndani ya programu ya kompyuta wakati inapoendelea kufanya kazi, pamoja na wakati wa kila tukio, ili baadaye mafundi waweze kuona nini kilitangulia na nini kilifuata. Njia hii ni muhimu hasa katika kompyuta pachikwa, yaani kompyuta ndogo zilizomo ndani ya vifaa vingine, kama vile mita za umeme, mashine za hospitali, magari na vyombo vya angani.

Mara nyingi kompyuta pachikwa haina skrini wala kibodi. Inapopata hitilafu hukwama au hujiwasha upya bila kueleza sababu. Kwa hiyo ufuatiliaji hupaswa kuandaliwa tangu programu inapotungwa. Kama hakuna kilichorekodiwa kabla ya hitilafu, ushahidi hupotea.

Tofauti na kuchapisha ujumbe

Njia ya zamani ya kutafuta hitilafu ni kuiagiza programu itume ujumbe wa maandishi inapofika mahali fulani. Njia hiyo ni rahisi, lakini ni ya polepole. Waya wa kawaida wa mawasiliano wenye kasi ya biti 115,200 kwa sekunde hupitisha takriban herufi 11,520 kwa sekunde, kwa kuwa kila herufi hutumia biti 10. Mstari wa herufi 60 huchukua milisekunde 5 hivi. Katika muda huo, prosesa yenye kasi ya MHz 100 hupiga mapigo zaidi ya 500,000.

Programu inayosubiri ujumbe utoke hubadilika mwenendo. Hitilafu inayotegemea tofauti ndogo za wakati inaweza kutoweka pale inapotafutwa, kisha kurudi ujumbe unapoondolewa. Ufuatiliaji hupunguza tatizo hilo kwa kuandika namba chache tu katika kumbukumbu ya kompyuta na kuacha tafsiri ifanyike baadaye kwenye kompyuta nyingine.

Mambo yanayohitajika

Ili kuweka ufuatiliaji katika kompyuta iliyotengenezwa kwa shughuli maalumu, mambo matano huamuliwa kwanza.

1. Matukio ya kurekodi. Ya msingi ni prosesa kuacha kazi moja na kushika nyingine, ishara kutoka nje kukatiza kazi, na kazi kuchukua au kuachia kufuli linalolinda kitu cha pamoja. Baada ya hapo huongezwa matukio ya programu yenyewe, kwa mfano "kipimo kimesomwa" au "data zimetumwa".

2. Saa. Kila tukio huandikwa pamoja na hesabu ya saa ya prosesa. Saa ya biti 32 inayopiga mara milioni 100 kwa sekunde hujaa na kurudi sifuri baada ya sekunde 43 hivi. Programu ya kusoma rekodi ni lazima itambue kurudi huko, la sivyo mpangilio wa matukio utavurugika.

3. Mahali pa kuhifadhi. Kwa kawaida hutumika bafa ya duara, yaani sehemu ya kumbukumbu ambayo ikijaa, tukio jipya hufuta lile la zamani kuliko yote. Ikiwa kila tukio huchukua baiti 8, bafa ya kilobaiti 64 huhifadhi matukio 8,192. Mfumo unaotoa matukio 10,000 kwa sekunde hujaza bafa hiyo kabla sekunde moja haijaisha. Ndiyo maana kurekodi husimamishwa mara hitilafu inapotambuliwa, ili rekodi za muda huo zisifutwe.

4. Njia ya kutoa rekodi. Rekodi zinaweza kutolewa kwa waya, kwa mtandao, au kwa kadi ya kuhifadhia data. Baadhi ya prosesa, zikiwemo nyingi za jamii ya ARM Cortex-M, zina pini maalumu ya kutolea taarifa za ufuatiliaji. Kama kifaa hujiwasha upya kinapokosea, bafa huwekwa katika sehemu ya kumbukumbu ambayo haifutwi wakati wa kuwaka.

5. Njia ya kusoma. Rekodi huwa na namba na anwani za kumbukumbu, si majina. Ili kuzigeuza kuwa majina ya sehemu za programu, huhitajika faili la programu ileile iliyowekwa kwenye kifaa. Faili la toleo jingine linaweza kutoa majina yasiyo sahihi.

Zana zilizopo

Katika kompyuta pachikwa zinazotumia Linux, zana ya kwanza ni ftrace, iliyoingizwa katika kiini cha Linux toleo la 2.6.27 mwaka 2008. Haihitaji programu ya ziada kwenye kifaa, ila ni lazima iwashwe katika mipangilio kabla ya kiini kujengwa. Zana nyingine ni LTTng, ambayo huweza kufuatilia kiini pamoja na programu za kawaida. Maktaba zake hujengwa kwa ajili ya prosesa ya kifaa, si kwa prosesa ya kompyuta ya fundi.

Katika vifaa vidogo visivyobeba Linux, mifumo endeshi kama FreeRTOS ina nafasi maalumu ndani ya msimbo wake ambapo mtunzi anaweza kuingiza maagizo ya kurekodi.

Mfano: Mars Pathfinder

Chombo cha Marekani Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kikiwa na kigari kidogo kilichoitwa Sojourner. Siku chache baadaye, baada ya kuanza kukusanya data za hali ya hewa, kompyuta yake ilianza kujiwasha upya mara kwa mara. Kila ilipofanya hivyo, shughuli zilizobaki za siku hiyo ziliahirishwa hadi siku iliyofuata.

Kompyuta hiyo ilitumia mfumo endeshi wa VxWorks, na watunzi wa programu walikuwa wameacha zana za ufuatiliaji ndani yake kwa makusudi. Hazikutumika kwenye Mirihi, kwa kuwa baadhi yake hutoa data nyingi kuliko zinazoweza kutumwa duniani. Wahandisi wa maabara ya JPL, California, waliziwasha kwenye nakala ya chombo iliyokuwa maabarani. Katika muda usiofikia saa 18 hitilafu ilijirudia, na rekodi zikaonyesha mfuatano wake.

Kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa imeshika kufuli. Kazi ya kugawa data, yenye kipaumbele cha juu, ililihitaji kufuli hilo ikalazimika kusubiri. Kabla kufuli halijaachiwa, kazi za kipaumbele cha kati zilishika prosesa na kuizuia ile ya chini isimalize. Hivyo kazi ya juu ilichelewa kwa sababu ya kazi zilizo chini yake. Kazi nyingine ya ukaguzi ilipoona data hazijagawanywa kwa wakati, iliamuru kompyuta ijiwashe upya. Hali hii huitwa mgeuko wa kipaumbele.

Dawa yake ilikuwa kuwasha urithi wa kipaumbele, yaani anayeshika kufuli hupewa kwa muda kipaumbele cha anayelisubiri. Badiliko hilo lilitumwa kutoka duniani, na tatizo likakoma. Chombo kiliendelea kuleta data hadi tarehe 27 Septemba 1997.

Mipaka na tahadhari

Ufuatiliaji una gharama: hutumia kumbukumbu na sehemu ya muda wa prosesa. Kuondoa maagizo yake kabla ya kifaa kutolewa hubadilisha tena wakati wa matukio, kwa hiyo inashauriwa kuijaribu programu katika hali ileile itakayotumika. Tena rekodi zinaweza kuwa na siri, kama vile namba za siri au taarifa za wagonjwa. Hivyo njia ya kuzitoa inapaswa kufungwa kwa wasiohusika.