Nani anakuona kilimani Kipatimu?

Wewe unayekimbia Coco Beach jioni ili mabinti wakuone, hebu siku moja nenda Kipatimu, kule kwenye vilima vya Umatumbi, Kilwa. Huko hakuna wa kumringia.

Mimi nilikwenda. Alfajiri, raba mpya, mbwembwe kibao. Mteremko wa kwanza raha tupu! Kilima cha pili pumzi zikakata, mbavu zinachoma, na mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akanipita. "Pole, mwanangu." Usicheke. Hapo ndipo moyo ukaanza kuninong'oneza: acha bwana, nani anakuona?

Swali hilo ndilo mbio ndefu zenyewe. Mwaka 1968, Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni, goti likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, kiza kimetanda, goti limefungwa bandeji, watazamaji wengi wameshaondoka. Wa 57, wa mwisho. Baadaye alisema nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu.

Sawa, nchi. Lakini nadhani kule barabarani gizani alikuwa yeye na goti lake tu, na kila hatua ilibidi aamue upya.

Mimi goti langu zima, na bado nilirudi kwa bodaboda. Hilo linanikera mpaka leo. Ijumaa napanda tena basi la kusini.