Wenye malori wa Rugu na hesabu ya kopo la oili

Kila unapowadia msimu wa kahawa, kuanzia mwezi Mei, mahitaji ya usafiri katika Rugu na maeneo mengine ya Karagwe hupanda. Kahawa inatoka mashambani kwenda maghalani, maharage na ndizi navyo vinatafuta soko Bukoba na Mwanza, na mwenye Canter au Hilux iliyo nzima hahangaiki kutafuta mteja. Gari likilala gereji katika wiki hizo, hasara ya mwenyewe haiishii kwenye bei ya vipuri. Mzigo wake huchukuliwa na jirani, na mara nyingi mteja naye huenda na jirani huyo moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo, wiki hii ukurasa huu unaacha bei za mazao na kuangalia kifaa kidogo ambacho wauza vipuri wanakisifu sana: kopo la kunasa oili, linalofungwa kwenye injini yenye tabo. Wapo wanaolinadi kama dawa ya kila ugonjwa wa injini. Hilo si kweli, na mfanyabiashara anayelinunua kwa kuamini hivyo anatupa fedha zake.

Tuanze na kazi yake. Pistoni inapopigwa na mlipuko, kiasi fulani cha gesi hupenya pembeni mwa ringi na kushuka chini kwenye krenki. Hakuna injini isiyofanya hivyo, hata mpya. Gesi hiyo hubeba ukungu wa oili, mvuke wa maji na masizi, na ni lazima itafutiwe njia ya kutokea. Isipotoka, presha itasukuma sili na gasketi nje. Zamani ilitolewa kwa bomba lililoelekezwa chini barabarani. Mapema miaka ya 1960 jimbo la California huko Marekani lilianza kudai gesi hiyo irudishwe ndani ya injini ikaungue, ili kupunguza uchafuzi wa hewa, na watengenezaji wa magari duniani wakafuata.

Kwenye gari lenye tabo, mpira unaotoka juu ya mfuniko wa tapeti unaingia katika bomba lililo kati ya chujio la hewa na tabo. Ukungu wa oili basi unapita kwenye tabo, unaingia kwenye intakula na kuganda humo kama utando. Intakula yenye utando wa oili haipoozi hewa vizuri. Na kama injini ina vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani, oili hukutana na masizi na kufanya uji mzito mweusi unaoziba njia ya hewa mwaka hadi mwaka. Dereva ataona gari limekuwa zito mlimani na linakula dizeli. Karagwe ni nchi ya miinuko, sehemu kubwa ikiwa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa yapata sehemu moja kwa sita ikilinganishwa na pwani. Tabo huku inafanya kazi ya ziada kabla hata mzigo haujapakiwa.

Kopo hufungwa katikati ya mpira huo. Gesi inaingia, inagonga vizuizi na wavu wa ndani, oili inajikusanya na kudondoka chini, na gesi iliyobaki inaendelea na safari yake kwenda kwenye tabo. Hakuna uchawi zaidi ya huo. Katika mashindano ya magari jambo hili ni la zamani: kanuni za FIA zinataka gari ambalo tundu la kupumulia la injini liko wazi liwe na chombo cha kukingia oili, lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, na lita 3 kwa iliyo kubwa zaidi. Huko sababu yake ni kuzuia oili isimwagike njiani.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye gari aulize kwanza kama anahitaji kitu hiki. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina tabo, hivyo haimhusu. Malori mengi ya zamani ya dizeli yana tabo lakini yanapumulia nje, chini ya gari, nayo hayanufaiki. Wanaohusika hasa ni wenye Hilux na Prado za dizeli, kama zile za 1KD-FTV, pamoja na malori madogo ya karibuni yenye tabo, intakula na EGR kwa pamoja. Wenye Subaru za petroli zenye tabo wajue kwamba injini zao zina njia mbili za kupumulia, moja ikiwa na vali inayozuia presha ya tabo isirudi kwenye krenki. Hapo fundi wa kubahatisha anaweza kuharibu zaidi ya alichokuja kutengeneza.

Katika ufungaji, sehemu ya kuangaliwa kwa makini ni klipu. Mpira wa kurudi unaingia kwenye bomba baada ya chujio, mahali ambapo tabo inavuta. Klipu ikilegea au mpira ukipasuka, injini itavuta vumbi la barabarani lisilochujwa, na vumbi la barabara zetu za vijijini litakula mapanga ya tabo na kisha silinda zenyewe. Kwa maneno mengine, kopo lililofungwa ovyo ni baya kuliko kutokuwa nalo. Mpira uwe wa kuhimili oili, maana mpira wa maji hulainika na kujikunja. Tundu lake lisiwe dogo kuliko la mpira wa kiwandani. Kopo likae mbali na tabo na bomba la moshi, kwa kuwa oili ikidondokea hapo ni moto, na lishikwe kwa chuma imara kwa ajili ya mtikisiko.

Baadhi ya makopo ya bei rahisi ni matupu ndani. Gesi hupita humo bila kuacha kitu, na wengine huziba pengo hilo kwa kujaza stili waya za kusugulia sufuria. Nyuzi zake hukatika, na safari yake inayofuata ni kwenye tabo.

Sasa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kopo, mipira na ufundi vinakula sh. 200,000, na lori linamwachia mwenyewe sh. 50,000 kwa safari baada ya dizeli, dereva na utingo. Gharama hiyo ni sawa na safari 4. Mwenye gari aliyepoteza wiki nzima gereji kusafisha njia ya hewa katikati ya msimu ataona ni nafuu. Aliye na gari linalotoka mara mbili kwa mwezi anaweza kusubiri, akatumia fedha hizo kubadili oili na chujio kwa wakati.

Faida nyingine, ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo kubwa zaidi, ni kumbukumbu. Kopo humwagwa. Mwanzoni limwagwe kila kilometa 1,000, kipimwe kilichotoka na kuandikwa kwenye daftari. Kiasi kikiwa kilekile mwezi hadi mwezi, injini haijabadilika. Kikianza kuongezeka, ringi zinachoka, na mwenyewe anapata muda wa kupanga fedha za kufungua injini baada ya msimu. Asubuhi za baridi na mvua huleta maji mengi, na kilichomo huonekana kama chai ya maziwa. Hilo pekee lisimtishe mtu, ila lisiachwe likajaa. Oili hiyo hairudishwi kwenye injini. Na kopo lililojaa ni hatari, kwani tabo inaweza kuvuta oili yote kwa mkupuo. Injini ya dizeli huunguza oili kama mafuta yake ya kawaida, ikakimbia yenyewe hata ufunguo ukizimwa. Ikitokea hivyo, dereva mwenye gia za mkono akanyage breki kwa nguvu, aingize gia kubwa na kuachia klachi ili injini izimike, au hewa izibwe kwa ubao, kamwe si kwa kiganja.

Kwa anayetaka kununua gari lililotumika, tundu hili la kupumulia linasema mengi kuliko dalali. Injini ikiwa moto na inaunguruma taratibu, fungua mfuniko wa kujazia oili na uulaze juu ya tundu lake kichwa chini. Moshi kidogo ni kawaida kwa dizeli. Mfuniko ukirushwa, au moshi ukitoka kwa kupigapiga kama bomba la mashine ya kusaga, injini inapumua sana na kopo halitaiponya. Kisha fungua mpira wa kuingilia tabo: utando mwembamba wa oili si neno, dimbwi ni jambo jingine. Ukikuta gari tayari lina kopo, omba limwagwe mbele yako. Likitoa oili nyingi, uliza lilimwagwa lini mara ya mwisho, na bei ya kufungua injini iondolewe kwenye bei ya gari kabla ya kutia saini.