Wafanyabiashara wa Ng'ambo ya Sabaki

Wako waaminio kuwa biashara iliingia bara ya Malindi pamoja na duka la Mhindi. La, hasha! Neno "duka" ndilo geni, lenye asili ya Kiarabu. Biashara ilikwisha tangulia. Katika karne ya 19 Wagiriama walinunua pembe za ndovu kwa Waata, wakaziuza pwani kwa nguo, shanga na waya. Dhamana yao ilikuwa undugu wa kuchanjiana, si karatasi. Miaka ya 1890 walivuka mto Sabaki, upande iliko Gongoni, wakalima mahindi ya kuuza. Serikali ya Kiingereza ikawatoza kodi, ikawazuilia pembe, na mwaka 1914 ikawaamuru warudi kusini. Ilitaka vibarua wa mashamba. Wao mahindi yao yaliwalipa zaidi.