Kompyuta mbili, skrini moja: Kumbe tatizo ni kibodi

ILIKUWA saa kumi na moja alfajiri pale mama mmoja anayepeleka maparachichi Manyovu alipogonga mlango wangu hapa Makamba, kusini mwa Burundi. Gari la mzigo lilikuwa likimsubiri barabarani. Alichotaka ni karatasi moja tu: ankara yenye idadi ya matenga na bei yake, ambayo nilikuwa nimemwandalia kwenye kompyuta jana yake jioni.

"Mwalimu, nitolee karatasi yangu niwahi Mugina kabla ya foleni," alisema.

Nikawasha kompyuta na kuandika neno la siri. Ikakataa. Nikarudia polepole, herufi moja moja. Ikakataa tena. Skrini haikunionyesha kosa langu, ilionyesha vidoti tu. Mwishowe, dereva akipiga honi, nilichukua kalamu nikamwandikia ankara kwa mkono. Aliporudi alinieleza kuwa alikaa mpakani hadi saa nane mchana. Moja yangu ilisomeka saba, hesabu ikakataa kulingana na mzigo, na maparachichi ya juu yakaanza kulainika kwa jua. Hakunilaumu, lakini mimi nilijilaumu.

Ndugu msomaji, chanzo cha mkasa huo ni kazi niliyoifanya usiku ule baada ya mama yule kuondoka: niliunganisha kompyuta mbili kwenye skrini moja. Naandika haya kwa kuwa wengi wetu tuliorudi, pamoja na wafanyabiashara wa mpakani, tunafanyia kazi nyumbani kwa vifaa vilivyonunuliwa pande mbili za mpaka.

Mimi nilikulia Mishamo, nchini Tanzania, katika makazi ya waliokimbia machafuko ya mwaka 1972. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na kuchapa nilijifunzia kibodi ya Kiingereza. Niliporejea mwaka 2009 nilikuta ofisi za huku zinatumia kibodi ya Kifaransa. Kompyuta yangu ya kwanza ilinunuliwa Kigoma. Hiyo ina mitihani na alama za wanafunzi, haiungwi na intaneti, wala flashi ya mtu haiingii. Ya pili, ya Bujumbura, ni ya ankara na barua za wafanyabiashara. Kila moja ilikuwa na skrini yake, mpaka siku umeme uliporudi kwa kishindo na kuunguza moja.

Badala ya kununua skrini nyingine, niliamua kompyuta zote mbili zitumie iliyobaki. Njia zipo, na rahisi kuliko zote haihitaji kununua kifaa kingine. Tazama nyuma ya skrini yako. Nyingi zina tundu zaidi ya moja: la VGA, lenye vitundu 15 katika safu tatu, na la HDMI, ambalo ni dogo na bapa. Ikiwa kompyuta zako zinaweza kuingia kila moja katika tundu lake, chomeka zote mbili. Kisha bonyeza kitufe cha skrini kilichoandikwa "Source" au "Input" na utahama kutoka moja kwenda nyingine. Hata hivyo, kwa njia hii kila kompyuta itabaki na kibodi na kipanya chake.

Kama meza ni ndogo, kama ilivyo yangu, kuna kisanduku kinachoitwa swichi ya KVM. Skrini, kibodi na kipanya huchomekwa upande mmoja, na kompyuta mbili upande wa pili. Ukibonyeza kitufe chake, vyote vitatu vinahamia kompyuta nyingine kwa pamoja.

Hapa ndipo fedha hupotea. Nilipoagiza mara ya kwanza nililetewa kisanduku kinachofanana nacho, lakini ambacho kazi yake ni kinyume: huchukua picha ya kompyuta moja na kuipeleka kwenye skrini mbili. Mwambie muuzaji waziwazi: "Kompyuta mbili, skrini moja." Aidha, usinunue waya mtupu wenye kichwa cha VGA huku na HDMI kule ukidhani utafanya kazi. Mifumo hiyo miwili hubeba picha kwa namna tofauti, na panahitajika kigeuzi chenye saketi ndani yake. Tena kigeuzi huwa na mwelekeo: kinachotoa HDMI kwenda VGA hakifanyi kazi kinyumenyume. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Sasa turudi kwenye neno la siri. Usiku ule niliiweka kando kibodi ya Kifaransa, nikabakiza ya Kiingereza kwa kompyuta zote mbili. Sikujua kwamba kibodi haijui lugha. Yenyewe hutuma tu taarifa kuwa kitufe cha mahali fulani kimebonyezwa, na ni kompyuta inayoamua hiyo ni herufi gani. Kompyuta ya Bujumbura ilipangwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo nilipobonyeza A, yenyewe ilisoma Q. Nilipobonyeza W, ilisoma Z. Na safu ya namba ilitoa alama badala ya tarakimu. Niligundua hayo mchana, niliporudisha kibodi ya zamani na neno la siri likakubaliwa mara ya kwanza.

Dawa yake ni kuchagua mpangilio mmoja wa kibodi na kuuweka katika kompyuta zote mbili, kabla hujaanza kutumia swichi. Katika Windows, iliyowekewa lugha zaidi ya moja, tazama pembeni mwa skrini chini, hata pale pa kuandikia neno la siri: herufi chache huonyesha lugha inayotumika.

Jambo la mwisho: kompyuta usiyoiona bado inafanya kazi. Hifadhi faili kabla ya kuhama, kwani umeme ukikatika utapoteza ya pande zote mbili. Mimi nimeweka rangi ya kijani kwenye kompyuta ya shule na bluu kwenye ya biashara, nisije nikaandika bei za maparachichi ndani ya mtihani wa darasa la sita.

Mama yule bado ni mteja wangu. Siku hizi ankara yake naitoa jioni ileile, naye analala nayo chini ya mto. Kompyuta zangu zinaelewana, lakini yeye hataki tena kuzijaribu alfajiri.